Barua ya Thamani ya Nyumba Texas: Namna ya Kuisoma, Kuipinga, na Kujua Inavyogusa Bei ya Nyumba Yako

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa nne, wenye nyumba wengi Texas hupokea barua kutoka ofisi ya uthamini ya kaunti. Barua hiyo inasema serikali inaona nyumba yako ilikuwa na thamani gani tarehe 1 Januari. Wapo wanaoshangilia namba ikipanda, wakidhani wametajirika. Wapo wanaoitia kabatini bila kuifungua. Na wapo wengi miongoni mwetu, tuliotoka Kongo, Kenya, Tanzania au Burundi na sasa tunaishi Houston, Dallas, Fort Worth au Abilene, wasiojua kwamba barua ya serikali inaweza kubishiwa. Inabishiwa. Ni haki iliyoandikwa kwenye sheria ya jimbo, na kuwasilisha pingamizi hakugharimu hata senti.

Mazoea ya nyumbani yanatupotosha kidogo hapa. Tanzania kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na tangu 2023 nyumba ya kawaida inalipa shilingi 1,500 kwa mwezi, iwe imepambwa au haijapigwa hata plasta. Nairobi kaunti inatoza kwa thamani ya ardhi. Texas inatoza ardhi pamoja na kilichojengwa juu yake, kwa bei ya soko, na hesabu hiyo hufanywa upya mara kwa mara, kwenye kaunti nyingi kila mwaka. Jimbo halitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, kwa hiyo shule, kaunti, miji na hospitali za umma zinaitegemea sana kodi hii. Mwenye nyumba anaweza kulipa karibu asilimia 2 ya thamani ya nyumba kila mwaka, na kuna maeneo yanayovuka hapo. Kwa nyumba ya dola 320,000 hayo ni maelfu ya dola, na yanaendelea kudaiwa hata baada ya mkopo wa benki kwisha.

Jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alishike ni hili: namba iliyoandikwa na ofisi ya uthamini si bei ya nyumba yako, lakini kodi inayotokana nayo ni sehemu ya bei hiyo. Hatua zote zinazofuata zinatoka hapo.

Hatua ya 1: Zitenganishe namba tatu za kwenye barua

Namba ya kwanza ni thamani ya soko, yaani makadirio ya ofisi kuhusu bei ambayo nyumba ingeuzwa tarehe 1 Januari. Ya pili ni thamani iliyowekewa kikomo. Ikiwa nyumba ni makazi yako makuu na umeandikisha msamaha wa kodi uitwao homstedi (homestead), sheria hairuhusu thamani hii ipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, ukiacha vitu vipya ulivyojenga. Ya tatu ni thamani inayotozwa kodi, ambayo ni ile ya pili baada ya kuondoa misamaha yako.

Mfano: mwaka jana thamani yako yenye kikomo ilikuwa dola 260,000, na mwaka huu soko linasema 320,000. Mwaka huu hawawezi kukuhesabia zaidi ya 286,000. Mwakani wataendelea kupanda ngazi hiyo hata kama soko limelala, mpaka wafikie thamani ya soko. Ndiyo maana mtu anasikia kwenye habari kuwa bei za nyumba zimetulia, halafu kodi yake imeongezeka. Hajaonewa. Kikomo kilichelewesha tu ongezeko la miaka iliyopita.

Nyumba ya kupangisha haina homstedi. Kwa miaka ya 2024 hadi 2026 jimbo liliweka kikomo cha muda cha asilimia 20 kwa mali zisizo makazi makuu zenye thamani isiyozidi takribani dola milioni 5. Kama umenunua nyumba ya pili ili upangishe, usiichukulie kana kwamba inalindwa kama ile unayolala.

Hatua ya 2: Kabla ya kununua, piga hesabu ya kodi yako, si ya muuzaji

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Mnunuzi anatazama tangazo la nyumba, anaona kodi ya mwaka jana ilikuwa dola 4,000, anaiweka kwenye hesabu yake na kusaini. Mwaka wa pili benki inamwandikia kwamba malipo ya kila mwezi yamepanda kwa mamia ya dola.

Kilichotokea ni kwamba kikomo cha asilimia 10 ni cha mwenye nyumba, wala hakiuzwi pamoja na nyumba. Muuzaji aliyekaa miaka kumi na tano anaweza kuwa anatozwa kwa thamani ya 290,000 wakati soko linasema 400,000. Akishauza, kikomo chake kinaondoka mwaka unaofuata na wewe unaanza kwenye 400,000. Kwa kiwango cha jumla cha dola 2.05 kwa kila dola 100 za thamani, tofauti hiyo ya 110,000 ni dola 2,255 zaidi kwa mwaka. Muuzaji akiwa na umri wa miaka 65 au zaidi, kodi yake ya shule ilikuwa na dari isiyovukwa, na misamaha yake ni mikubwa kuliko yako. Bili yake haikuhusu kabisa.

Nyumba mpya ina mtego wake. Ikiwa tarehe 1 Januari palikuwa na kiwanja kitupu au msingi tu, bili ya mwaka huo ni ya kiwanja. Nyumba ikikamilika, bili inayofuata ni ya nyumba nzima. Mjenzi anapokuonyesha kodi ya mwaka jana, muulize waziwazi: hii ni ya ardhi au ya nyumba iliyokamilika?

Basi fanya hivi. Ingia kwenye tovuti ya ofisi ya uthamini ya kaunti husika, andika anwani ya nyumba, na uchukue thamani ya soko. Ilinganishe na bei unayotaka kulipa, kisha tumia iliyo kubwa, ili hesabu ikosee upande wa usalama. Tafuta viwango vyote vinavyotozwa hapo: wilaya ya shule, kaunti, mji, hospitali, chuo cha jamii. Pembezoni mwa Houston na kwenye mitaa mingi mipya, tafuta pia wilaya ya huduma za maji, ambayo kila mtu huko huiita MUD. Hiyo ilikopa pesa za kuleta mabomba na mifereji kwenye mtaa, na wenye nyumba ndio wanaolipa deni. Jumlisha viwango, zidisha kwa thamani baada ya kuondoa misamaha *yako*, gawanya kwa 12. Hiyo ndiyo kodi yako ya mwezi.

Sasa tuone inavyogusa bei. Mkopo wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6.5 unakutaka ulipe kama dola 6.32 kwa mwezi kwa kila dola 1,000 ulizokopa. Chukua nyumba mbili zinazofanana, kila moja thamani yake 300,000, moja iko ndani ya MUD inayotoza senti 80 kwa kila dola 100. Hizo ni dola 2,400 za ziada kwa mwaka, dola 200 kwa mwezi. Kwa dola 200 kwa mwezi, familia ingeweza kubeba mkopo mkubwa zaidi kwa takribani dola 31,600. Benki inapopima uwezo wako inaweka kodi ndani ya malipo ya mwezi, kwa hiyo nguvu hiyo ya kununua imekwenda. Wanunuzi wote wa mtaa huo wanafanyiwa hesabu ileile, na wanapokuwa na uwezo mdogo, wauzaji wanalazimika kushusha bei.

Bei haishuki kwa kiasi hicho chote, lakini. Mwaka 1969 mwanauchumi Wallace Oates aliichunguza miji 53 ya kaskazini mashariki ya New Jersey na akaona mambo mawili kwa pamoja: kodi kubwa ilivuta bei za nyumba chini, na matumizi makubwa kwenye shule yalizivuta juu. Kwa hiyo usiikimbie kodi kubwa bila kuuliza inanunua nini. Kodi inayolipia shule ambayo watoto wako watasoma ni tofauti na kodi inayolipa deni la mabomba la mtaa ambao mjenzi ameshaondoka na faida yake. Deni la MUD kwa kawaida hupungua kadiri nyumba zinavyoongezeka na miaka inavyopita, kwa hiyo uliza kiwango chake kilikuwa kiasi gani miaka mitano iliyopita na sasa ni kiasi gani. Kama hakijashuka, hiyo ni hoja halali ya kudai bei ishuke.

Hatua ya 3: Andikisha homstedi mara unapohamia

Fomu ni namba 50-114, na inapelekwa ofisi ya uthamini ya kaunti. Haina malipo. Ukipata barua yenye nembo inayofanana na ya serikali ikikutaka ulipe ada ili "wakuandikishie," itupe.

Utahitaji leseni ya udereva au kitambulisho cha Texas chenye anwani ileile ya nyumba. Hapa wengi wanakwama, kwa sababu leseni bado inasoma anwani ya ghorofa walilokuwa wamepanga. Badilisha anwani kwanza. Sheria haikutaki uwe raia wa Marekani. Inakutaka umiliki nyumba na uishi humo kama makazi yako makuu.

Uzito wa fomu hiyo moja ni huu. Msamaha kwenye kodi ya shule ulipandishwa hadi dola 100,000 mwaka 2023, na wapiga kura wakaupandisha tena hadi 140,000 Novemba 2025. Chukua nyumba ya 320,000 ambako shule inatoza dola 1.05 kwa kila 100 na wengine wote kwa jumla dola 1.00. Bila homstedi unalipa dola 6,560. Ukiwa nayo, shule inatoza 180,000 tu, unalipa 1,890 kwao na 3,200 kwa wengine, jumla 5,090. Umeokoa dola 1,470 kwa mwaka, na kaunti au mji unaweza kuwa na msamaha wake juu ya huo. Wazee wa miaka 65 na kuendelea, na wenye ulemavu, wanaongezewa dola 60,000 kwenye upande wa shule. Kama mama au baba mkwe ndiye mwenye hati ya nyumba, mwandikishie. Wazee wetu wengi hawajui kwamba wana haki hiyo.

Tarehe ya kawaida ya kuomba ni hadi 30 Aprili, lakini ukichelewa bado unaweza kuomba hadi miaka miwili baada ya tarehe ambayo kodi ya mwaka huo ilihesabika kuwa imechelewa. Kama nyumba ni yako tangu mwaka juzi na hukuandikisha, usijilaumu, omba leo. Kumbuka pia kwamba kikomo cha asilimia 10 kinaanza mwaka unaofuata ule wa kwanza uliopata homstedi.

Hatua ya 4: Kagua kumbukumbu za nyumba yako

Ofisi ya uthamini haiingii ndani. Inathamini maelfu kwa maelfu ya nyumba kwa kompyuta, kwa kutumia ukubwa, umri, idadi ya mabafu, daraja la ujenzi na mauzo ya jirani. Fungua ukurasa wa nyumba yako na usome kila mstari. Futi za mraba ni sahihi? Wameandika mabafu matatu na wewe una mawili? Wamehesabu gereji kama chumba? Kosa la futi 200 linaweza kukutoza kila mwaka bila mtu kulishtukia.

Hatua ya 5: Wasilisha pingamizi kufikia 15 Mei

Mwisho ni 15 Mei au siku 30 tangu barua ilipotumwa, yoyote itakayokuwa ya baadaye. Unaweza kutumia tovuti ya ofisi au fomu 50-132. Weka alama kwenye sababu mbili: kwamba thamani ni kubwa kuliko soko, na kwamba nyumba yako imethaminiwa juu kuliko nyumba zinazofanana nayo. Ya pili watu huisahau, na mara nyingi ndiyo yenye nguvu zaidi, maana haihitaji bei za mauzo. Inahitaji thamani ambazo ofisi yenyewe imewapa majirani zako, na hizo ziko wazi kwenye tovuti yake.

Lakini kabla ya kutumia jioni zako kwa jambo hili, rudi kwenye zile namba tatu. Ikiwa thamani ya soko ni 400,000 na unatozwa kwa 290,000 kwa sababu ya kikomo, kuishusha soko hadi 380,000 hakutapunguza kodi yako ya mwaka huu hata kidogo. Ungelazimika kuishusha chini ya 290,000. Aliyenunua karibuni, au mwenye nyumba ya kupangisha, ndiye mwenye cha kupata hapa.

Ushahidi unaofaa ni wa aina chache. Texas hailazimishi bei za mauzo kutangazwa hadharani, kwa hiyo muombe wakala aliyekuuzia nyumba akuchapishie mauzo ya mtaa wako ya mwaka uliopita. Wengi hufanya hivyo bure kwa mteja wao. Ukiwa ulinunua mwenyewe karibuni kwa bei iliyo chini ya thamani yao, hati ya kufunga mauzo inatosha kuanza mazungumzo. Kisha piga picha za ubovu: paa lililopigwa na mvua ya mawe, nyufa za ukutani. Udongo wa mfinyanzi wa maeneo ya Dallas na Houston hujaa mvua ukavimba, ukikauka unasinyaa, na misingi ya nyumba inapasuka. Kadirio la maandishi la fundi wa misingi linaongea kuliko picha ishirini, kwa sababu lina bei. Angalia tu kwamba ubovu ulikuwepo tarehe 1 Januari. Mvua ya mawe ya Aprili ni hoja ya mwakani.

Mwisho, omba kwa maandishi ushahidi ambao ofisi itautumia dhidi yako. Wanatakiwa kukupa siku 14 kabla ya kikao, bure. Ukiupata utaona nyumba walizokulinganisha nazo, na huenda moja ina bwawa la kuogelea ambalo wewe huna.

Hatua ya 6: Mazungumzo, kisha bodi

Kwa kawaida ofisi itakupa nafasi ya kuzungumza na mthamini kabla ya kikao, na kaunti nyingi kubwa hutuma pendekezo mtandaoni. Likiwa linakaribiana na namba uliyoihesabu, likubali. Likiwa mbali, nenda mbele ya bodi ya mapitio. Hawa ni wakazi wa kaunti, si wafanyakazi wa ofisi ya uthamini. Kikao ni kifupi. Usiwaambie kodi imekushinda au kipato kimeshuka. Bodi haina mamlaka juu ya viwango vya kodi, ina mamlaka juu ya thamani tu. Sema: "Naomba thamani iwe dola 295,000, na hizi ndizo nyumba tano zinazonionyesha hivyo." Kisha wakabidhi karatasi. Kama Kiingereza kinakupa shida, unaweza kumteua mtu akuwakilishe kwa fomu 50-162, awe mtoto wako mtu mzima au rafiki unayemwamini. Kampuni zinazofanya kazi hii zipo, na nyingi huchukua sehemu ya kodi zilizokuokolea. Soma mkataba kuona kama unajirudia wenyewe kila mwaka.

Usiporidhika, unaweza kwenda kwa msuluhishi au mahakamani ndani ya siku 60. Kwa nyumba yenye homstedi isiyozidi thamani ya dola 500,000, usuluhishi unaanza kwa amana ya dola 450.

Hofu moja naisikia sana: "Nikisema nyumba yangu ina thamani ndogo, si nitaiuza kwa hasara baadaye?" Hapana. Mnunuzi na benki yake hawanunui kwa namba ya kaunti. Benki hutuma mthamini wake, anayeingia ndani na kutazama nyumba zilizouzwa miezi ya karibuni. Na mnunuzi akikuta thamani ya soko iliyoandikwa na kaunti iko chini kihalali, malipo yake ya mwezi yanaweza kuwa madogo, na uwezo wake wa kukulipa mkubwa. Hesabu ya hatua ya 2 inakufaa na wewe siku hiyo.

Hatua ya 7: Eskro, na tarehe 31 Januari

Bili hufika kuanzia Oktoba na mwisho wa kulipa ni 31 Januari. Ukichelewa hadi Februari unaongezewa asilimia 7, na nyongeza hupanda kila mwezi. Wenye mkopo wengi hulipiwa na benki kupitia akaunti ya eskro, yaani pesa za kodi ambazo benki hukusanya ndani ya malipo yako ya kila mwezi, lakini kulipiwa si kusahau: hakikisha kwenye tovuti ya mtoza kodi wa kaunti kwamba pesa zimefika. Kodi ikishuka kwa pingamizi lako au homstedi mpya, ipigie simu benki na uombe wakokotoe eskro upya, badala ya kungoja mapitio yao ya mwaka.

Aliyenunua nyumba mpya asiitumie nafuu ya mwaka wa kwanza, wakati bili bado ni ya kiwanja. Weka pembeni kila mwezi tofauti kati ya kodi ya kiwanja na kodi ya nyumba nzima, kwa sababu eskro itakapopungukiwa benki itadai upungufu wa nyuma pamoja na kiwango kipya cha mbele, vyote kwa wakati mmoja.

Hatua ya 8: Unapojenga na unapouza

Chumba cha nyongeza, gereji iliyogeuzwa sebule, bwawa: vyote huongeza thamani nje ya kikomo cha asilimia 10. Ongeza kodi hiyo kwenye gharama ya ujenzi kabla ya kumwita fundi. Paneli za sola za matumizi ya nyumbani zina msamaha wake, kwa fomu 50-123. Matengenezo ya kawaida, kama kubadilisha paa lililochakaa au kupaka rangi, hayahesabiwi kuwa ujenzi mpya.

Ukiuza, andaa karatasi moja ya mnunuzi: viwango vyote vya kodi vya nyumba hiyo, kiwango cha MUD kwa miaka michache iliyopita, na makadirio ya kodi yake yeye akiwa na homstedi ya kawaida bila kikomo chako. Kuna wakala atakayekushauri uiache kodi yako ndogo ing'ae kwenye tangazo. Usimsikilize. Mnunuzi mwenye hesabu kamili mapema hakimbii wiki ya mwisho benki inapomwonyesha namba halisi, na huko mjini kwetu mnunuzi huyo mara nyingi ni ndugu au jirani wa kanisani au msikitini, ambaye mtaendelea kuonana.

Siku ya kufunga mauzo, kodi ya mwaka hugawanywa kati yenu kwa siku ambazo kila mmoja amemiliki nyumba. Soma mstari huo kwenye hati. Mara nyingi unatumia bili ya mwaka uliopita kama makadirio, kwa hiyo kama bili ya mwaka huu imeshatoka, idai itumike hiyo.